Nani Anakula Nusu Pai?

Mjomba wangu Clifford Fairclough alifanya kazi miaka thelathini na minane katika kiwanda cha nati na bolti hapa Birkshaw, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutoamini. Boksi likija limeandikwa bolti mia mbili za milimita kumi, yeye alilifungua, akachota kiganja kimoja, akazipima moja moja kwa kipimo chake cha chuma, kisha ndipo akatia sahihi. Mameneja walimchukia. Mara mbili alirudisha lori zima kwa sababu ya tofauti ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona. Alijivunia hilo kuliko siku ya harusi yake, na aliyekuwa akisema hivyo ni marehemu mkewe mwenyewe.

Mtu huyu alidanganywa na pai.

Kisheria hakuna aliyemdanganya, na hilo ndilo linalonichefua. Kila neno kwenye lile boksi lilikuwa la kweli, lilipitiwa na wanasheria, likapigwa chapa kwa rangi nzuri. Uongo wa siku hizi hauandikwi na waongo. Unaandikwa na watu waaminifu wenye shahada, wanaorudi nyumbani jioni na kulala usingizi mzuri.

Tuanze na goti. Goti la kulia la mjomba lilikuwa limekwisha. Mfupa ulisaga mfupa, na akipanda ngazi ulimsikia mpaka barabarani. Tangu Krismasi hakulala tena chumbani juu. Alilala kwenye kiti sebuleni, amejifunika koti lake la mvua, kitanda alicholalia na mkewe miaka arobaini kikiwa hatua kumi na tatu juu ya kichwa chake. Na kulikuwa na mchezo. Mjomba ni mchezaji wa matufe, yale ya kuvingirishwa kwenye majani hadi karibu na kitufe kidogo, katika klabu ya mtaa wetu, na uwanja wetu wa majani una nundu katikati, hivyo anayevingirisha tufe hana budi kupiga goti moja na kulisoma jani kama barua. Mtu asiyeweza kupiga goti anapewa penseli na kadi, anaandika matokeo ya wenzake. Mjomba alikuwa ameshika penseli msimu mzima uliopita.

Mwezi wa Januari nilimpeleka kliniki. Nesi aliitwa Leena, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na mizani isiyo na upole wowote.

"Bwana Fairclough, goti hili ni la kubadilishwa. Hakuna la kujadili."

"Mimi nalijua hilo tangu mwaka juzi. Lini?"

"Ukishuka chini ya kilo mia moja na tatu. Ndiyo kanuni ya hospitali."

"Na sasa niko ngapi?"

"Mia na tisa."

Mjomba alinitazama, akamtazama yeye. "Kwa hiyo mnataka kunikata kilo sita kabla ya kunikata mguu."

Nesi Leena alicheka. "Miezi mitatu inatosha, baba. Punguza zile pai za nyama. Nyie watu wa mji huu mnanichosha na pai. Kula mboga, kula mboga, kula mboga."

Akampa karatasi yenye picha ya tufaha linalotabasamu. Hiyo ndiyo elimu ya lishe ambayo taifa tajiri linampa mzee mwenye goti lililokufa: tufaha lenye meno.

Mjomba hajui kupika. Mkewe alipofariki miaka mitano iliyopita, alijifunza kuchemsha yai na akaona hapo ndipo kikomo. Sasa mtu wa aina hiyo, wa mji huu, ukimwambia aache pai ya nyama ale mboga, atafanya nini? Alikwenda duka kubwa la kando ya stesheni, akasimama mbele ya friji ndefu kuliko kanisa, akanunua pai ya mboga.

Iliitwa Pai ya Bustani. Boksi lilikuwa la kijani, lenye picha ya karoti ambazo bado zina udongo, na mkono wa bibi kizee uliozishika. Juu kulikuwa na maneno manene: MBOGA SITA. Chini yake, chanzo cha nyuzinyuzi. Pembeni, vile viduara vya rangi za taa za barabarani ambavyo serikali yetu inavipenda sana: sukari kijani, mafuta njano, chumvi njano. Hakukuwa na nyekundu hata moja. Na kwa dereva yeyote wa Birkshaw, njano maana yake ni kanyaga.

"Kalori mia tatu na kumi," mjomba aliniambia jikoni kwake, amevaa miwani, kidole juu ya namba. "Pai ya nyama ya mwokaji Horrocks ina mia tano na sitini. Nimeuliza dukani kwake. Unaona? Karibu nusu. Na humu ndani mna mboga sita, siyo moja. Nesi alisema kula mboga mara tatu. Mimi nitakula mara sita kwa mkupuo mmoja."

"Na skonzi?" nilimuuliza, kwa sababu tayari alikuwa ameipasua skonzi na kuipaka siagi.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama sahani nayo inanenepesha. Kwetu pai huliwa ndani ya skonzi. Unaiweka katikati, unaikandamiza kwa kiganja mpaka mchuzi ufikirie kutoka, halafu unauma. Skonzi haihesabiki. Skonzi ni ya kushikia.

Nakiri kwamba sikusema zaidi. Nilimaliza chuo nikiwa na maneno mengi kuhusu haki ya chakula, na siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye mkutano wa kuyasema.

Basi alikula. Moja mchana, moja jioni, kila siku ya Mungu, Januari, Februari, Machi. Alikula kwa nidhamu ya askari. Aliacha biskuti. Aliacha bia ya Jumatano. Alikataa keki ya siku ya kuzaliwa ya mama yangu, dada yake, mpaka mama akakasirika. Mimi nimeona watu wakijinyima kwa ajili ya dini kwa bidii ndogo kuliko ile.

Pale klabuni walimchoka. Norman Bickerstaffe, nahodha wa timu, mtu mwenye tumbo kama ngoma na ulimi usio na breki, hakumwacha apumue.

"Cliff! Nasikia umekuwa sungura."

"Mboga sita, Norman. Wewe lini umekula mboga sita?"

"Mwaka jana. Nilianguka bustanini mdomo ukiwa wazi."

"Cheka. Mwezi wa nne nikipanda ile mizani utanitafutia nafasi kwenye timu."

"Nafasi ipo, ndugu yangu. Ila nakuona upana unazidi. Au ni koti?"

"Ni koti," alisema mjomba.

Haikuwa koti. Aprili, katika chumba kile kile cha kliniki, mizani ilisema mia na kumi na mbili.

Mjomba alishuka, akavua viatu, akapanda tena. Mia na kumi na moja na nusu. Alivua mkanda. Alitoa funguo mfukoni. Nesi Leena alimwacha afanye yote hayo, na nilimpenda kwa hilo.

"Mashine yenu ni mbovu," alisema mjomba.

"Ilipimwa Jumatatu, baba."

"Nani aliipima?"

"Bwana Fairclough. Unakula nini?"

Hapo ndipo alipotoa boksi. Alikuwa amelibeba ndani ya mfuko wa plastiki, limekunjwa vizuri, kama mtu anayekwenda mahakamani na risiti. Alilikunjua juu ya meza ya nesi. "Hii. Mbili kwa siku, wala siongezi. Mia tatu na kumi mara mbili ni mia sita na ishirini. Mtoto mchanga anakula zaidi. Nifafanulie wewe."

Nesi Leena alivaa miwani. Alisoma mbele, akageuza nyuma, akasogeza boksi karibu na dirisha. Kisha akaweka ncha ya kalamu yake mahali fulani chini ya ile namba, kwenye mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Soma hapa."

"Sioni."

Nikasoma mimi. *Kwa nusu pai.*

Mjomba aliuchukua ule ukurasa wa kadibodi, akausogeza mpaka pua ikaugusa.

"Nusu ya nini?"

"Ya pai, baba. Namba zote hizi ni za nusu. Kalori, mafuta, chumvi. Pai nzima ni mia sita na ishirini."

"Lakini boksi lina pai moja."

"Ndiyo."

"Pai yenyewe inatosha kiganjani."

"Ndiyo."

"Sasa nani," aliuliza mjomba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, anayetaka jina na anwani, "nani anakula nusu pai?"

Hilo ndilo swali ambalo ningependa waandishi wa lile boksi walijibu hadharani, mbele ya watu wa Birkshaw, wamesimama juu ya meza. Kwetu hakuna kitu kinachoitwa nusu pai. Mgonjwa wa kufa anapewa pai nzima. Mtoto wa miaka minne anapewa pai nzima na kuambiwa amalize. Kwenye matanga tunagawa pai, moja kwa kila mfiwa, na anayebakiza anaulizwa kama alikuwa na ugomvi na marehemu. Jicho la mjomba, lile lililokuwa likiona tofauti ya nywele kwenye bolti, lilipita juu ya neno *nusu* miezi mitatu bila kulikamata, kwa sababu halikuwa neno linaloweza kukaa karibu na neno *pai*. Na walioliweka pale walijua hivyo.

Nesi Leena alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya tufaha. Pai mbili, skonzi mbili, siagi. Zaidi ya kalori elfu moja na mia saba, kabla ya chai. Chumvi ya siku karibu nzima kwa pai peke yake.

"Afadhali ungeendelea na ya nyama," alisema polepole. "Samahani, baba. Lazima nikurudishe nyuma kwenye foleni. Miezi sita. Hawatanikubalia chini ya hapo."

Miezi sita ilikuwa msimu wote wa matufe. Ilikuwa pia miezi sita mingine ya kiti na koti la mvua. Mjomba hakubisha. Alivaa mkanda wake, akarudisha funguo mfukoni, akalikunja boksi.

Tulikuwa ndani ya gari, kwenye taa za barabara kuu.

"Sikupima," alisema. "Niliamini lebo. Mimi."

Nilitaka kumwambia kwamba kosa si lake. Nilikuwa na hotuba nzima. Lakini aliniamuru nigeuze gari twende dukani, akanunua Pai za Bustani tano, akichagua zenye tarehe tofauti kutoka nyuma ya friji. "Moja si sampuli," alisema.

Jioni hiyo meza ya jikoni iligeuka kuwa kituo cha ukaguzi. Alitoa mizani ya keki ya marehemu mkewe, chujio, kisu, kipimo chake cha chuma, na daftari. Alimenya pai ya kwanza kama mtu anayemvua adui viatu. Ganda la unga alilipima peke yake: zaidi ya nusu ya uzito wote. Kwa kile kipimo alipima unene: milimita sita juu, tisa pembeni. "Ingekuwa paa la nyumba ningewapongeza," alisema. Kisha akamwaga mambo ya ndani kwenye chujio na kufungulia maji ya moto, mpaka ule mchuzi mzito wa rangi ya bahasha ukateremka wote kwenye bomba.

Kilichobaki kingejaa kijiko kikubwa mara tano, sana sana.

"Viazi," alisema akisogeza vipande kwa ncha ya kisu. "Viazi. Viazi. Andika viazi gramu thelathini na nane. Karoti kumi na moja. Njegere... hesabu wewe, macho yako ni mapya."

"Saba."

"Gramu saba?"

"Njegere saba, mjomba."

Alizihesabu mwenyewe. Zilikuwa saba. Kulikuwa na nyuzi za kitunguu, na kipande kimoja cha liki, ndugu yake kitunguu, kilichokuwa kimejikunja kwa aibu. Hizo ni mboga tano. Ya sita, seleri, tuliitafuta nusu saa. Tuliipata hatimaye kwenye orodha ya nyuma ya boksi: *unga wa seleri*, baada ya chumvi. Mboga ya sita ilikuwa vumbi.

Alipasua zote tano. Pai ya tatu ilikuwa na njegere kumi na moja, akaiita ya kifahari. Alipomaliza aliandika ripoti kwa mwandiko wake wa kiwandani, safu zimenyooka, wastani chini, na mwisho neno alilokuwa akiliandika juu ya lori za watu: IMEKATALIWA. Tuliituma kwa kampuni.

Walijibu baada ya wiki tatu. Barua nayo ilikuwa na mkono wa bibi kizee na karoti zake.

"'Mpendwa Clifford,'" nilimsomea. "'Ahsante kwa kutuandikia! Tumefurahi sana kusikia kwamba wewe ni mpenzi wa Pai ya Bustani.'"

"Endelea."

"'Kiasi tunachopendekeza kwa mlo mmoja ni nusu pai, pamoja na saladi, na kimetokana na utafiti miongoni mwa walaji wetu.'"

"Walaji gani? Waniletee mmoja. Mmoja tu, nimpe kiti na chai."

"'Tafadhali pokea vocha hii ya pai tatu bila malipo, kama ishara ya shukrani zetu.'"

Mjomba aliipokea vocha, akaitazama mbele na nyuma, safari hii na herufi ndogo pia. Alicheka mpaka akashika goti. Mimi sikucheka. Mtu anakuletea kidonda chake, nawe unampa chumvi zaidi na kumwita mpendwa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mechi ya nyumbani. Baada ya mechi klabu yetu hulisha timu zote mbili, pai ya nyama kwa kila mtu, njegere za kuponda, na kabichi nyekundu ya siki. Marjorie, anayepika na kugawa huko tangu mimi sijazaliwa, aliweka sahani mbele ya mjomba.

"Nipe kisu, Marjorie."

"Kisu cha nini? Imeungua?"

"Haijaungua. Nataka kuikata."

Watu wa timu ngeni, ambao walitoka maili nane tu na wana desturi kama zetu, waliacha kutafuna. Marjorie alileta kisu kwa jinsi unavyomletea mtu wosia aandike. Mjomba aliikata pai katikati, nusu akaisukuma pembeni ya sahani, akajaza nafasi yake kwa kabichi.

"Cliff," alisema Norman kwa upole uliotisha, "kuna jambo hutuambii? Daktari amesema una muda gani?"

"Nakula kama wanavyosema wenyewe. Wana utafiti. Wanasema kuna watu wanakula hivi."

"Wapi?"

"Hawajawapata bado. Mimi nitakuwa wa kwanza."

"Na hiyo nyingine unampelekea nani? Mpenzi wako?"

"Chukua wewe."

Norman hakuambiwa mara mbili. "Basi," alisema mdomo umejaa, "nimekula moja na nusu. Kwa hesabu yao mimi ni watu watatu. Cliff, andika kwenye kadi kwamba tulicheza tukiwa wengi."

Walicheka sana, na mjomba alicheka nao, lakini nilimwona Marjorie akigeuka kwenda jikoni bila kuangalia nyuma. Kwake ile nusu ilikuwa tusi. Alikaa wiki mbili bila kumsalimu, mpaka nilipokwenda kumweleza, na hata hapo alisema tu, "Angenipigia simu ningemtengenezea ndogo."

Hiyo ndiyo gharama ambayo haikuandikwa kwenye boksi lolote.

Tangu hapo mjomba hakununua tena kitu chenye picha ya bustani. Alinunua kabichi iliyokuwa kabichi, karoti za kilo, dengu za mfuko. Alizitupa zote kwenye sufuria kubwa ya mkewe na kuchemsha bila huruma. Supu ile ilikuwa mbaya. Naisema kwa heshima zote. Ilikuwa na rangi ya mfereji wa maji na ladha ya subira. Lakini kila alichokitia alikipima yeye mwenyewe na kukiandika, na njegere zake hazikuwa saba. Mwezi wa sita alikuwa mia na nane. Wa nane, mia na tano. Msimu mzima alishika penseli na kadi pembeni ya uwanja, na wenzake wakipiga goti kwenye majani aliangalia upande mwingine.

Oktoba alipanda mizani ya Nesi Leena amevaa viatu na mkanda, funguo mfukoni.

"Mia na mbili na nusu."

"Ilipimwa lini hii?" aliuliza mjomba.

"Jumatatu, baba."

"Nani aliipima?"

Nesi Leena alisema kwamba akiuliza tena atampima upya. Alikuwa akipangusa macho.

Walimbadilisha goti wiki ya tatu ya Novemba. Nilimkuta wodini siku ya pili, mweupe kama shuka, mguu umefungwa kama mzigo wa posta, na mtu mkali kuliko nilivyowahi kumwona. Bi. Rutter, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa amemjia mara tatu tangu asubuhi na kile kitembezi cha chuma cha miguu minne.

"Bwana Fairclough, leo ndiyo leo. Ukilala goti linaganda. Likiganda umefanyiwa upasuaji wa bure."

"Kesho."

"Kesho litakuwa gumu zaidi."

"Basi nitalichukia kesho. Leo linauma, niache."

Bi. Rutter alinitazama mimi, nikainua mabega. Uchungu ulikuwa wa kweli. Mjomba alikuwa na jasho juu ya mdomo. Nami niliogopa, kwa sababu nilimjua. Akishaandika IMEKATALIWA hafuti. Miezi yote ile, supu yote ile, na sasa angeliacha goti jipya likauke kitandani kwa ubishi.

Saa sita na nusu mchana kigari cha chakula kiliingia. Kijana aliyekisukuma alikuwa na visikizi vya muziki masikioni. Aliweka sahani yenye kifuniko kwenye meza ya mjomba, akaweka kadi pembeni yake, akapita. Kwenye kadi kulikuwa na moyo wa kijani na maneno CHAGUO LA AFYA.

Mjomba aliinua kifuniko.

Ilikuwa pai. Nzima. Ganda lilikuwa limelegea kwa mvuke, na pembeni ulikuwa umetoka mchuzi wa rangi ya bahasha. Sikuhitaji kuuliza ilitoka wapi. Yeye aliipasua kwa uma, akachungulia, na midomo yake ilisogea kidogo kidogo, akihesabu.

"Tisa," alisema.

"Mjomba, acha. Nitakuletea kitu kutoka nje."

"Wewe!" alimwita kijana wa kigari. "Kijana! Nusu nyingine ni ya nani?"

Kijana hakusikia. Alikuwa tayari mlangoni.

"Hiki ni chakula cha watu wawili! Niitie mwenzangu! Na saladi yangu iko wapi?"

Kigari kilitoka kuelekea korido. Mjomba akatupa shuka. Nilidhani anataka kunywa maji. Aliteremsha mguu mzima, kisha kwa mikono miwili akauteremsha ule mwingine, akasaga meno, akakivuta kile kitembezi karibu na kusimama. Nilisikia sauti iliyomtoka, sitaisahau. Lakini haikuwa ya mfupa.

"Shika hiyo sahani," aliniambia. "Usiimwage. Ni ushahidi."

Tukaenda, yeye mbele na gauni la hospitali likiwa wazi nyuma, mimi nyuma na pai. Kitembezi, mguu, mguu. Kitembezi, mguu, mguu. Wagonjwa waliinuka kwenye mito yao. Mwanamume mmoja wa kitanda cha dirishani alianza kupiga makofi, mjomba akamwambia anyamaze, yuko kazini.

Bi. Rutter alikuwa mlangoni na faili lake. Hakumzuia. Alisogea akampisha, akatoa kalamu.

"Kumi na moja," alisema. "Hatua kumi na moja, Bwana Fairclough. Siku ya pili. Naandika kumi na moja."

"Usiandike kitu," alisema mjomba bila kusimama. "Bado sijamfikia."